Picha za Mwambani Siku ya Bamvua

Siku ile Sukreni hakutaka kwenda, na kubaki nyumbani pia hakutaka. Binti yake Suasti alikuwa anaolewa, na Bali siku hizi hakuna bibi arusi asiyepigwa picha kabla ya arusi, ziwekwe mlangoni wageni wazione. Suasti na mchumba wake Wirata walitaka zipigwe kwenye mwamba wenye hekalu, karibu na kijiji cha kina Wirata, jua likizama. Kalenda ya siku njema ikatazamwa, ikasemwa siku ya mwezi mpevu inawafaa wapendanao. Wakafurahi. Habari za maji hakuna aliyeuliza.

Na siku kama hiyo maji ni bamvua. Jioni hutoka mbali kabisa, chini kukabaki miamba mitupu, ukadhani bahari imehama. Kisha hurudi, na hayaji usoni mwako uyaone. Hutangulia kujaza mfereji ulio nyuma yako, wakati hapo uliposimama bado pakavu.

"Mama, wewe kaa hapa hapa juu," Suasti alisema walipofika gengeni, juu ya ufuo wa mawe. "Ukija utanichekesha, kope zidondoke."

"Zikidondoka si utabandika nyingine? Usiende mbali."

"Mama jamani!"

"Nimesema tu."

"Mama, usiwe na wasiwasi, niko naye," Wirata alisema akicheka. "Nikimpoteza huyu, nani mwingine atanikubali na sura hii?"

Suasti alikuwa amezungushiwa kitambaa cha nakshi ya dhahabu toka kifuani mpaka vifundoni, kimekazwa hata akawa anatembea kama bata. Kichwani alikuwa na taji la maua ya dhahabu. Mtu aliyefungwa vile hakimbii, wala haogelei.

Mpiga picha, kijana aitwaye Oka, aliacha ndala zake ukingoni mwa mfereji uliotenga ufuo na mwamba, akavuka na wachumba hao. Akawapanga, akawapangua. "Nyuma kidogo! Kidogo tena! Hekalu halijaingia lote!" Kila akisema kidogo, wao wanasogea baharini.

Jua lilipogusa maji, Sukreni aliona mfereji unang'aa. Akajiambia ni mwanga tu. Mara ndala moja ya Oka ikaelea, ikaenda zake. Ya pili ikaifuata.

"Suasti! Rudini! Maji!"

Mawimbi yalikuwa yakinguruma. Suasti akampungia mkono. Oka naye akainua dole gumba, akarudi kwenye kamera yake.

Hapo gengeni palikuwa na mnara mdogo, na ndani yake linaning'inia gogo lililotobolewa, la kuitia watu. Gogo lile si la kuchezea. Likipigwa taratibu ni mkutano, likipigwa mbiombio ni hatari, na anayelipiga ni mwanamume aliyeruhusiwa na kijiji. Mwanamke halipigi, tena mwanamke wa kuja. Ukilipiga bure unasimamishwa mbele ya watu wote. Na watu wenyewe ndio hao wakwe zake! Sukreni aliiona aibu ile nzima, akawaona mashangazi wa Wirata wakinong'onezana siku ya arusi. Akatazama tena chini. Mfereji ulikuwa umeshakuwa mto.

Akapanda, akashika nyundo ya mbao, akaligonga gogo mbiombio mpaka viganja vikachubuka.

Wanaume walikuja wakikimbia na kamba na miti mirefu, mmoja bado anatafuna wali. Mbele yao alikuwa Mzee Jelantik, mkuu wa walinzi wa kijiji, amejifunga shuka lake la miraba myeusi na myeupe.

"Nani kapiga?"

"Mimi. Mwanangu yuko kule."

Mzee alitazama kule, akatangulia. Wakateremka wote, wakaingia majini wameshikana mikono. Sasa Suasti naye alikuwa ameshaona. Alikuwa akilia, maji yako mapajani, magoti hayaachani. Wirata alikuwa amemkumbatia asianguke.

"Kateni hicho kitambaa!" Sukreni alipiga kelele kutoka ukingoni.

"Mama, cha kukodi!"

"Kata!"

Mmoja wa wanaume, aliyekuwa na kisu, alikikata toka kiunoni mpaka chini. Miguu ikafunguka, wakamfunga kamba, wakamvuta. Wirata akafuata. Oka alikuja mwisho, kamera kaiinua juu ya kichwa, mpaka wimbi likamfunika yeye na kamera yake, wakamnasa kwa ukosi wa shati.

Suasti aliketi mchangani, anatetemeka ndani ya shuka la mtu, kope moja imenata shavuni. "Mama, nyusi zangu zipo?"

Sukreni alimchapa kofi la bega, kisha akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. Akakaa naye hapo hapo kwenye majimaji.

"Mama Suasti," Mzee Jelantik alisema, akikamua shuka lake. "Gogo letu mwanamke halipigi."

"Najua, mzee. Niiteni mkutanoni, nitakuja."

"Lazima uje. Ukaeleze ulichokiona, ili kila mwezi mpevu tuweke mtu hapa juu. Ila umepiga vibaya! Mimi nilidhani ni moto."

Wanaume wakacheka, hata Wirata akacheka, na meno yake yanagongana. Pale chini walipopigia picha palikuwa mawimbi matupu. Sukreni alipatazama mara moja tu, akarudi kumpangusa mwanawe chumvi usoni kwa upindo wa nguo yake, polepole, akianzia kwenye nyusi.