Mbao za Kijani

Godbless alichagua mbao kama watu wanavyochagua mashati ya mtumba: kwa rangi. Alisimama kwenye uwanja wa mbao Buguruni, miwani ya jua usoni, akionyesha rundo la mbao za inchi mbili kwa nne, za kijani.

"Hizi zimetiwa dawa, shemeji. Si unaona kijani chenyewe?"

Josepha, bado na kitambaa cheusi cha msiba kichwani, aligusa ubao. Kiganja kikarudi na rangi na maji. Dawa gani hiyo, inayofutika kama ahadi ya mlevi?

Ghala lililojengwa kwa mbao juu ya duka lao Kariakoo lilikuwa limelala upande, likamwangukia mumewe Heriel na magunia yote ya mchele, akiwa chini anampimia mteja. Sasa huyu mdogo wa marehemu alitaka kulisimamisha tena, na atakayekaa chini ni Josepha.

"Mbichi hizi," alisema. "Tena nyembamba. Pale plaiwudi mbili za ukuta zinapokutana, misumari inaingia safu mbili kwenye nguzo moja. Itapasuka."

"Ushakuwa fundi?" Godbless alicheka. "Bushiri, umesikia? Wajane wa siku hizi!"

Bushiri, mwenye mbao, hakutaka ugomvi. "Mangi, tujaribu tu," alimwambia Godbless.

Akapigilia msumari, kisha wa pili kando yake. Ubao ukalia, ukafunguka hadi mwisho.

"Ufa tu huo," alisema Godbless. "Plaiwudi itauficha."

Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Huyu alikuwa anajenga ukuta kwa nyufa zenyewe.

"Haya, nunua," Josepha alisema. "Ila mimi nitasimamia mzigo kule juu. Chini, kwenye kiti cha marehemu, utakaa wewe."

Godbless alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamsogelea Bushiri, akapunguza sauti kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

"Mkongo mkavu unao? Nne kwa nne, za pembeni na za kwenye maungio."

Josepha akamtazama. Kumbe jina la mti mgumu alilijua. Kipimo alikijua. Hata mahali pa kuziweka alipajua. Na zile za kwanza, zilizomlalia Heriel, ni nani aliyezinunua kama si yeye?

Alitaka kumtemea mate. Akaona mate yana thamani.

Akampita hadi kwenye rundo la mkongo alilolionyesha Bushiri, akainama, akaanza kuzigonga nguzo moja moja, akisikiliza kama ni kavu kweli.