Figo Iliyokuwa Ng'ambo ya Barabara

Jumanne saa nne asubuhi, mhandisi alikuwa akimalizia ombi la ruzuku, ukurasa unaohusu ushirikiano wa taasisi mbili, wakati figo aliyoiotesha ndani ya chupa ilipoanza kukojoa.

Aliandika saa, kisha akampigia daktari, mshirika wake katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara.

"Inafanya kazi."

"Najua," daktari akasema. "Miguu ya shangazi yako imenywea. Amevaa viatu."

Shangazi alikuwa mwaka wa nne akisafishwa damu kwa mashine. Figo ilikuwa imeoteshwa kutokana na chembe zake mwenyewe, lakini hakuna mrija uliomuunganisha nayo. Katikati palikuwa na kuta mbili na barabara yenye magari. Akinywa chai wodini, baada ya dakika ishirini chupa ilijaa maabara. Mhandisi akanunua ndoo.

"Usiiweke dirishani, mwanangu," shangazi akamwagiza. "Haja ya mtu ni siri yake."

Fundi cherehani, aliyelala kitanda cha pili, akamshonea kitambaa cha kuifunika.

"Na yangu lini?" akamuuliza daktari.

Wodini walikuwamo wagonjwa wengine kumi na mmoja. Kila mmoja alihitaji figo ya chembe zake, na vifaa vya kuoteshea vilikuwa vimekwisha.

"Ruzuku ikitoka, fundi."

Alhamisi jopo la watoa ruzuku likaja. Mwaka uliotangulia walikataa kwa sababu figo haikuwepo. Safari hii mwenyekiti alifunua kitambaa, akasubiri. Ng'ambo shangazi akanywa maji. Figo ikafanya kazi yake mbele ya wageni.

"Safi," mwenyekiti akasema. "Sasa utafiti gani tena? Ruzuku ni ya kutafuta. Nyinyi mmeshapata."

"Tumepata ya mtu mmoja," daktari akasema.

"Mtu mmoja si ushahidi."

"Samahani, mzee. Tumepata au hatujapata?" daktari akauliza.

Mwenyekiti akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Yote mawili. Na fomu haina nafasi ya yote mawili."

Akasifu mshono wa kitambaa, akasaini kitabu cha wageni, akaondoka.

Barua ya pongezi ilifika baada ya wiki sita, ikiwahimiza waombe tena mwakani. Wiki hiyohiyo mashine moja kati ya mbili za kusafisha damu iliharibika, na fundi cherehani akafa Jumamosi kabla ya zamu yake. Shangazi ndiye aliyemfumba macho. Alilia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na muda wote huo chupa ilikaa kavu. Mhandisi akaliandika hilo.

Saa nane kitanda kilitandikwa shuka safi. Mgonjwa mpya, dereva wa winchi, akaketi juu yake, miguu imevimba.

"Mama, eti ni kweli hapa wanaotesha figo?"

"Kweli kabisa," shangazi akasema. "Yangu iko pale ng'ambo."

"Basi nimefika penyewe," dereva akasema, akajilaza.