Mlio wa Kata Pumzi

Mganga hajigangi, husema watu, lakini yule fundi baiskeli alijiganga mpaka akapitiliza. Wiki tatu mfululizo aliifungua baiskeli yake ya milimani na kuifunga upya kwenye sakafu ya karakana, kisa mlio mmoja tu: kwi, kwi, kwi. Ulijitokeza kila Jumamosi kwenye kilima ambacho waendesha baiskeli wa mtaani walikibatiza Kata Pumzi, katikati ya mzunguko wa kilomita kumi na nane unaopita msituni na kurudi kandokando ya ziwa. Ukisikika tu, fundi alishuka, akatoa spana, akakaza hiki na kile, kisha kilima akakimaliza kwa kusukuma. Tangu apasuliwe goti la kulia mwaka uliopita, hakuwahi kukipanda akiwa ameketi kitini.

Wifi yake, mwalimu wa hesabu mwenye ulimi wa pilipili, uvumilivu ulimwishia.

"Leo ukishuka, wifi, baiskeli hii naichukua," alisema walipokuwa wakijaza upepo. "Wewe utabaki na ile ya kikapu, ya kwendea sokoni."

"Ichukue! Jana nimeweka pedali mpya. Leo hailii ng'o."

Ahadi ni deni, na wote wawili walilijua hilo.

Msituni njia ilikuwa mbichi kwa mvua ya jana. Fundi aliipita mizizi bila kugusa breki, akavuka kijito, matope yakamrukia hadi kidevuni, akacheka peke yake. Kisha njia ikainuka. Hatua ishirini hazikufika.

Kwi.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa spana. Ukweli usemwe: hakuwa akiogopa pedali. Aliogopa goti lisije likamwangusha mbele ya watu, yeye ambaye mtaa mzima unamwita Chuma. Na mlio ule ulimpa sababu nzuri ya kushuka.

Akaurudisha mkono kwenye usukani.

"Lia basi! Lia mpaka uchoke!" akaifokea baiskeli.

Ikalia. Akaweka gia nyepesi, akainama mbele, akakanyaga. Mapaja yakawaka moto, jasho likamwingia machoni. Kwi, kwi, kwi, jiwe kwa jiwe. Nyuma yake wifi alinyamaza kabisa, jambo ambalo darasa lake lingelipa chochote kulishuhudia.

Ghafla miguu ikawa myepesi. Kilima kilikuwa kimeisha, na ziwa lote lilikuwa chini yake, linang'aa. Fundi alipiga kelele za furaha hadi bata wakaruka majini.

Walipofika ufukweni, hakuweza kujizuia. Akaipindua baiskeli, akazungusha pedali. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Akachuchumaa asikie kwa karibu.

Kwi.

Akasimama. Kwi.

Wifi akamtazama, akalitazama goti. "Wifi... hiyo siyo baiskeli."

"Wiki tatu!" fundi akasema. "Wiki tatu naifungua baiskeli ya watu bure, kumbe ni goti!"

Walicheka mpaka wifi akakaa kwenye matope. Fundi alicheka huku analia, mkono umelishika goti lake, na hakuyaficha machozi. Goti lile lile alilolidhania bovu ndilo lililompandisha.

Akaigeuza baiskeli, akautoa mfuko wa spana, akamtupia wifi.

"Nibebee huo," akasema. "Mimi natangulia."