Mkasi wa Emery

Tangu siku Emery alipoingia nyumbani kwao Mulongwe na begi lake jeusi, Félicité hakumwamini. Mgeni alikuwa mpole, alivua viatu mlangoni, akamwita mama kwa heshima. Lakini kila alipoulizwa jambo, macho yake yalihamia kwenye dari.

Alikuja kwa ajili ya Belyse, binti yao wa miaka sita. Mtoto huyu jua lilimchoma kama makaa. Akikaa uani kidogo tu, uso unababuka, na ngozi yake ilikuwa imejaa madoa meusi tangu uchanga. Majirani walinong'ona kwamba si mtoto wa kawaida. Félicité alimvalisha kofia pana na nguo za mikono mirefu, akaziba madirisha kwa vitenge vizito.

"Ugonjwa uko ndani ya vinasaba," Emery alimwambia Sévère, mume wa Félicité. "Niko na sindano toka Ulaya. Iko kama mkasi. Inaenda mpaka penye kasoro, inakata, basi. Muniletee mutoto Luberizi siku ya posho, Jumamosi hii. Ila kwa hospitali musiseme. Madocta wana wivu."

"Ikishakata," Félicité aliuliza, "nani anashona?"

"Dawa inafanya yote, mama."

Alijibu haraka mno. Kesho yake Félicité alikwenda kwa Docta Niyonsaba, mama aliyewaeleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza, akamsimulia yote.

"Jua linaharibu DNA ya kila muntu," docta alisema. "Kwako na kwangu, seli inakiona kipande kibovu, inakikata, inaweka kizima. Kwa Belyse, kikosi cha kazi hiyo hakifanyi kazi sawasawa. Ndiyo maana uharibifu unarundikana."

"Na huo mkasi?"

"Upo kweli, wataalamu wanaufanyia kazi. Lakini mkasi unakata tu. Kuunga ni kazi ya seli yenyewe, kwa kikosi kingine. Wakati mwingine inaunga haraka haraka, inapoteza herufi za DNA ama inaongeza, na kosa hilo linaweza kuzaa kansa. Tena kuufikisha kwenye seli za ngozi yote ni kazi ngumu sana. Hakuna anayeutoa kwenye begi. Na wanaojaribu kweli hawakuambii umufiche docta."

Félicité alirudi akamsimulia mumewe yote. Sévère, fundi wa kujenga nyumba, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Huyo docta yako," alisema mwishowe, "miaka yote hii ametupa nini? Kofia."

Tangu hapo Félicité akawa anamwangalia mumewe kwa jicho la pembeni, akisikiliza kila alipoongea kwenye simu.

Siku ya posho alikwenda kuuza unga wa muhogo sokoni. Aliporudi mchana, kitanda cha Belyse kilikuwa kitupu. Hakuuliza jirani yeyote. Alisimamisha pikipiki, wakakata upepo kuelekea Luberizi.

Nyumba aliyoelekezwa na watu wa huko ilikuwa nyuma ya ghala la mpunga. Belyse alikuwa amekaa kwenye benchi barazani, kichwa wazi, mikono ya gauni imekunjwa hadi mabegani, jua la saa nane likimmwagikia. Shingo ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu. Félicité alivua kitenge chake akamfunika mtoto mzima.

"Nani amemuvua kofia?"

Emery alitoka ndani, Sévère nyuma yake na kikombe cha chai mkononi.

"Ni miye, mama. Nilitaka mwanga, nione mishipa. Na jua kidogo ni vitamini."

Kikombe kilimponyoka Sévère. "Uliniambia amekaa kivulini," alisema taratibu. "Weye unasema unaujua ugonjwa wa mutoto wangu?"

Emery akaanza kueleza kwa Kifaransa, maneno marefu yaliyofuatana bila pumzi, huku akifunga begi. Hawakumngoja amalize.

Njiani Félicité aliuliza mara moja tu. "Amemuchoma sindano?"

"Hapana."

Hakumsadiki. Walipofika nyumbani alimpeleka Belyse chumbani, akakagua mikono yake karibu na taa, doa baada ya doa. Katika ngozi ile, alama ya sindano ingejificha bila shida.

"Alikudunga, mama yangu? Usiogope, niambie."

"Alitaka," Belyse alisema. "Baba akakataa. Akasema tumungoje mama kwanza."

Félicité alimwekea kitambaa cha maji shingoni, uso ukimwaka kwa aibu. Alipotoka alimkuta Sévère mlangoni.

"Na kama dawa ilikuwa ya kweli?" Sévère aliuliza.

Jumatatu walimpeleka mtoto kwa docta, wote wawili. Docta alimpa dawa ya kupaka shingoni, akasema malengelenge yatapona, ila kila kuungua kunaacha madhara.

Siku mbili baadaye Sévère alirudi jioni, viatu vimejaa tope jeusi la mashamba ya mpunga. Félicité alivitazama, kisha akamtazama yeye.

"Nilikuwa kazini," Sévère alisema. Akanawa mikono, akaketi, akasukuma sahani. "Ile nyumba ya Luberizi imefungwa. Wanasema amehama."

Kwa jinsi alivyolisema jambo hilo, Félicité hakuweza kujua kama mumewe alikuwa amefarijika au amefiwa.