Msamaha wa Gharibu

Gharibu, mwenye duka la mabati mjini Kasulu, alirudisha gari nyuma bila hata kutupia kioo jicho, akamgonga Niyomwungere, muuza ndizi wa Kitanga, na kuipondaponda baiskeli yake. Niyomwungere, goti likimchuruzika damu, akaomba trafiki aitwe ili bima ya gari imlipe.

Gharibu akamnong'oneza, "Trafiki akija, ataanza kukuuliza wewe ni wa wapi. Wenzako wanarudishwa Burundi, hujasikia?"

Niyomwungere alizaliwa hapahapa, na uraia anao. Ila woga wa kambi ya wakimbizi aliunyonya kwa mama yake. Akavua shati, akafuta damu yake kwenye bampa, kisha akasema mbele ya watu, "Nisamehe, bosi. Kosa langu."

Gharibu akamsamehe. Watu wakamsifu: tajiri yule jamani, hana makuu!