Vikombe Viwili vya Maji

Tangu figo za Mzee Mwikwabe zigome kazi, binti yake Nyangi alikuwa mlinzi wa maji. Nesi Dorah, wa hospitali kule Musoma, alimweleza taratibu: figo ndizo zinazochuja damu, ili taka na maji ya ziada yatoke kwa mkojo. Za mzee hazichuji tena, na mkojo umekauka. Kinachoingia kinabaki humohumo mpaka mashine imchujie, Jumatatu na Alhamisi.

“Kwa hiyo maji, vikombe viwili kwa siku. Yakizidi yatajaa mapafuni, tutampoteza.”

Nyangi si mtu wa kuambiwa mara mbili. Nyumbani Kiabakari alihamishia mtungi chumbani kwake, mlango akautia kufuli. Mzee alibembeleza, akanuna, siku moja akamwita mchawi. Neno hilo lilimchoma, lakini tone halikuongezeka. Alichompa kwa moyo mweupe ni chakula: maziwa ya mgando, bakuli asubuhi, bakuli mchana, bakuli jioni, ya ng’ombe ambaye mzee alimpa jina mwenyewe. Ugali ulimshinda, maziwa yalipita. Nyangi akashukuru Mungu.

Miguu ikavimba, ukibonyeza panabaki shimo. Jumatatu alfajiri mzee alikuwa akihema kwa kukaa, kulala hawezi. Nyangi akakodi gari. Walipofika hospitalini Musoma hakuwa anaongea tena.

“Alikuwa anakunywa nini?” Dorah aliuliza.

“Vikombe viwili tu. Nilikuwaga nampimia mimi mwenyewe.”

“Uji je? Maziwa?”

“Maziwa siyo maji, sista. Maziwa ni chakula.”

Dorah aliacha kuandika. “Dada yangu, mwilini hayo yote ni maji.”

“Sasa mbona hukusema?”

Dorah naye alizaliwa kwenye boma la ng’ombe, na kwao pia hakuna aliyewahi kuyaita maziwa maji. Alijua, na hakukumbuka kusema.

Mzee Mwikwabe alifariki kabla mashine haijawashwa.

Msibani, mama mdogo Marieta alimfuata Nyangi pale mkekani, akamwekea bakuli mapajani. Lilikuwa limejaa mgando hadi ukingoni.

“Kula kidogo, mwanangu. Tangu jana hujatia kitu tumboni.”

Nyangi aliliangalia bakuli, akalisogeza kando. Akaomba maji. Mtu alikwenda kuyachota, akarudi mikono mitupu, akasema chumba kimefungwa. Ufunguo ulikuwa bado kwenye pindo la kanga yake.