Asali Isiyoganda

Saa mbili asubuhi, Jumatatu, asali kwenye chupa kando ya kitanda cha mzee ilikuwa laini na inatiririka. Binti yake, mkemia wa maabara ya vyakula, aliinamisha chupa, akaitazama ikiteremka upande mmoja, akairudisha mezani. Pipa ilikotoka lilikuwa limeganda tangu baridi ianze. Alikuwa amelipima mwenyewe.

Mzee alikuwa mfuga nyuki, na mgonjwa wa kisukari. Kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikataa kufunga. Asali maalumu ya vidonda, ile iliyouawa vijidudu kwa miale, ilikuwa imeisha hospitalini, na mzee akang'ang'ania apakwe ya mizinga yake. Daktari wa upasuaji alikubali shingo upande: maabara iipime kwanza, na kidonda kisipoonyesha dalili ya kupona kufikia Ijumaa, kidole kitakatwa.

"Mdomo umenyimwa asali mwaka mzima," mzee alimwambia muuguzi aliyekuwa akifungua bandeji. "Sasa mguu ndio unaolambishwa."

"Mguu hauombi kuongezewa, babu. Tulia."

Kidonda kilikuwa vilevile, kijivu katikati, ukingo mweupe. Muuguzi alipaka asali. Haikukaa; ilichuruzika hadi kwenye shuka.

Mkemia alimkuta kaka yake nje ya wodi, amekaa kwenye benchi. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza asali ya familia, na ndiye aliyeileta ile chupa.

"Asali ya baba umeifanya nini?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Umeifanya nini?"

"Marahaba. Nimeiyeyusha. Chupa ndani ya sufuria ya maji, jikoni, mpaka ikarudi kuwa asali."

"Haikuwa imeacha kuwa asali."

"Unajua wewe, Mama Vipimo. Mteja akiona chembechembe anasema umemtilia sukari. Nimpelekee daktari kitu kama samli ya juzi, aseme mzee anachakachua?"

Dukani kwake ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hakuna chupa iliyoganda iliyopewa mteja kabla ya kupita kwenye sufuria, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mkemia alieleza bila kupandisha sauti. Asali ni sukari mbili kwa sehemu kubwa, fruktosi na glukosi, ndani ya maji machache kupita kiasi. Maji hayo hayawezi kuishikilia glukosi yote, kwa hiyo inajitenga na kuwa chembe. Kuganda si kasoro. Kwenye kidonda, wingi wa sukari hunyonya maji ya bakteria, na ukali wa asidi huwabana. Hayo moto hauyaondoi. Lakini nyuki huacha ndani ya asali kimeng'enya ambacho, asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, dawa ileile inayouzwa kwenye vichupa vya kuoshea vidonda. Kimeng'enya hicho hakivumilii jiko.

"Na vijidudu? Si vimekufa na moto?"

"Vingine vina mbegu zisizojali maji ya moto. Kilichokufa ni kile tulichokitaka."

Kaka yake alitazama viatu vyake. "Usimwambie mzee. Atasema nimemkata kidole."

"Sijapima bado."

Alipima. Kemikali inayoitwa HMF, ambayo huongezeka asali inapopashwa, ilikuwa imezidi sana kiwango kinachoruhusiwa. Diastasi, kimeng'enya ambacho kwa kawaida hustahimili joto zaidi kuliko kile cha peroksaidi, ilikuwa karibu haipo. Alirudia kipimo. Majibu hayakubadilika.

Alasiri hiyo aliwaambia daktari na mzee kwa pamoja. Kaka yake alisimama upande wa miguu wa kitanda.

"Umeipika?" mzee aliuliza.

"Nimeipasha tu, baba. Ndivyo tunavyouza."

"Wanaonunua wana vidole vyao."

Mzee akavuta shuka, akasema, "Lete iliyoganda. Kama daktari haoni haya kuiona."

"Mimi naangalia kidonda, mzee, sura ya asali si kazi yangu," daktari alijibu. "Ila Ijumaa iko palepale." Kisha akafungua faili. Majibu ya usaha yalikuwa yametoka asubuhi: bakteria wa kidonda hawakutishwa na antibayotiki aliyokuwa akitumia mzee. Akaandika nyingine, ianze jioni ileile.

Mkemia aliona tatizo papo hapo. Mambo mawili yakibadilishwa kwa wakati mmoja, hakuna atakayejua lipi limefanya kazi. Maabarani angezuia moja. Hapa aliacha yote mawili yaendelee. Hakutaka kuufanyia majaribio mguu wa baba yake.

Kaka yake alileta asali ya pipa kabla ya giza, ngumu, rangi ya krimu. Muuguzi aliipaka kwenye shashi kwa kijiti bapa, kama siagi kwenye mkate. Ilikaa.

Ijumaa asubuhi daktari alifungua bandeji mwenyewe. Ukijivu ulikuwa umeondoka. Nyama nyekundu ilikuwa imeota kuanzia pembeni, na alipoweka rula, kidonda kilikuwa kimepungua upana. Alibonyeza kidole, akasubiri rangi irudi. Ikarudi.

"Mizinga yangu hiyo," mzee alisema.

Kaka alimgeukia dada yake. "Ni asali, au ni dawa?"

"Haijulikani."

"Profesa mzima hujui?"

"Hata profesa hawezi kujua; vyote viwili vilianza jioni moja."

"Basi kama kingekatwa, usingeweza kusema ni mimi."

"Nisingeweza."

Kaka alishusha pumzi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mzee akamsukuma kwa mguu wa kushoto. "Kaa kwenye kiti. Na leo usipike asali ya mtu."

Daktari aliagiza dawa na asali ziendelee vilevile. Muuguzi akapiga simu chumba cha upasuaji, akawaambia nafasi ya saa tano wampe mgonjwa mwingine.